Hija Inapokaribia Kwisha, Tusikilize Miguu Yetu



Kila mwaka, mwezi Mei unapoelekea mwisho, barabara nyingi za Uganda hujaa watu waendao kwa miguu. Wengine wana fimbo, wengine wana vifurushi kichwani, wengine rozari mkononi, na karibu wote wana vumbi hadi magotini. Hao ni mahujaji waendao Namugongo, nje kidogo ya jiji la Kampala, kuadhimisha sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Wengi hutoka katika majimbo ya Uganda yenyewe, wengine hutoka Kenya na nchi nyingine jirani, na sisi wa Tanzania pia tumo.

Kuhusu maandalizi ya safari hiyo mengi husemwa parokiani: viatu, fedha, vibali vya mpakani, nyimbo. Leo tunapenda kuzungumza juu ya sehemu isiyosemwa sana, nayo ni siku mbili au tatu za mwisho. Sisi tunaohudumu katika kikundi cha afya tumetembea na mahujaji wa kwetu tangu mpakani Mutukula, kupitia Kyotera, Masaka, Lukaya na Mpigi, mwendo wa zaidi ya kilometa 200. Tuliyoyaona njiani yametufundisha jambo moja: hatari kubwa ya safari haipo mwanzoni, watu wanapokuwa na hofu na kujihadhari. Ipo karibu na mwisho, watu wanapoanza kusema, "Tumekwisha kufika."

Jioni ya Mpigi

Mpigi ni mji mdogo ulio kama kilometa 37 kabla ya Kampala. Mhujaji anayefika hapo kutoka Masaka amekwisha kuvuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, na mbele yake kuna kama kilometa 50 tu hadi Namugongo. Jioni ile tulipofika, kikundi kizima kilikuwa na furaha. Vijana waliimba, akina mama walianza kutafuta sabuni ili wafue nguo za sikukuu. Hakuna aliyetaka kusikia habari ya ugonjwa.

Kila jioni tulikuwa na desturi ya kuoshana miguu, kama alivyofanya Bwana wetu kwa mitume wake katika karamu ya mwisho. Tulifanya hivyo kwa ibada, lakini pia kwa afya, kwa maana huwezi kuosha mguu wa mwenzako bila kuuona. Mzee mmoja wa kikundi chetu, mwenye umri uliopita miaka 60, alikuwa amekwepa zoezi hilo kwa siku mbili. Mara ya kwanza alisema amekwisha kuoga. Mara ya pili alisema ana usingizi. Jioni ya Mpigi mwuguzi wetu aliketi chini mbele yake na beseni la maji, akasema, "Baba, leo sitoki hapa mpaka nikuoshe."

Mzee alipovua soksi tulisikia harufu kabla ya kuona kidonda. Chini ya unyayo, karibu na kidole gumba, palikuwa na shimo linaloweza kuingia ncha ya kidole, likitoa usaha. Ndani ya kiatu tulikuta kijiwe kidogo kama punje ya hindi. Mzee alikuwa amekikanyaga siku nzima, huenda siku mbili, pasipo kuhisi maumivu yoyote. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi.

Tulimwambia kwamba hana budi kupanda gari kwenda hospitali usiku ule ule. Alitutazama kwa mshangao. "Wanangu," alisema, "nimetembea tangu Mutukula. Niache sasa, nimekaribia mlangoni?"

Kwa nini siku za mwisho ni za hatari?

Swali la mzee wetu ni la haki, na kila mhujaji aliyewahi kukaribia mwisho amejiuliza namna hiyo. Basi tueleze kwanza kinachotokea mwilini.

Kwanza, uchovu hujikusanya. Mwili hulipa deni la siku moja kwa usingizi na chakula cha usiku ule. Mhujaji analala sakafuni au kwenye turubai, anaamka saa kumi usiku, anakula kidogo, na kesho yake anatembea tena. Deni la jana halijalipwa, la leo linaongezwa. Siku ya nane mwili una deni la siku nane.

Pili, furaha huficha maumivu. Moyo ukichangamka, mtu huweza kukanyaga mguu ulioumia asione sana uchungu. Lakini mfupa uliochoka haujui kwamba umebaki mwendo mfupi.

Tatu, watu huongeza mwendo. Kila mmoja anataka kuwahi nafasi karibu na altare. Mapumziko hufupishwa, maji hunywewa kwa haraka au husahauliwa, soksi zenye jasho hazibadilishwi.

Nne, kuna aibu. Siku ya kwanza mtu husema waziwazi, "Naumwa." Siku ya nane anaona aibu kuwachelewesha wenzake. Tena akiba ya dawa na fedha imepungua, naye hataki kuwa mzigo. Ndiyo sababu tunasema kwamba karibu na mwisho mgonjwa mwenyewe hatasema. Hapana budi wenzake wamwangalie.

Malengelenge na maumivu ya mguu

Malengelenge hutokana na ngozi kusuguliwa ikiwa na joto na unyevu. Dawa yake ya kwanza ni kuyazuia: viatu vilivyokwisha kuzoeleka, soksi kavu, na kusimama mara tu unapohisi mahali pamoja panaungua, ili upabandike plasta kabla maji hayajajaa. Yafaa kuwa na jozi tatu za soksi: moja mguuni, moja inayokauka juu ya mfuko, na moja ya kulalia.

Lengelenge dogo lisilouma liache, lifunike tu. Ngozi yake ni bandeji uliyopewa na Mungu, usiichune. Likiwa kubwa na linauma hata huwezi kukanyaga, osha mikono na mguu kwa sabuni, chukua sindano mpya isiyotumika au iliyosafishwa vema kwa spiriti, toboa pembeni, bonyeza maji yatoke taratibu, acha ngozi ilale mahali pake, kisha funika kwa kitambaa safi. Sindano moja isitumike kwa watu wawili, hata kama ni mke na mume. Ukiona usaha, uwekundu unaopanda juu ya mguu, joto mahali pale au homa, hilo si lengelenge tena; nenda kituo cha afya. Mwuguzi atakuuliza pia kama umepata chanjo ya pepopunda.

Maumivu ya misuli ya kawaida huwa pande zote mbili, nayo hupungua ukipumzika. Yapo maumivu ya namna nyingine ambayo ni ya kuogopwa. Kama unaumwa mahali pamoja juu ya mfupa wa mguu au wa wayo, ukibonyeza kwa kidole panauma, na hata usiku ukilala pauma, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Mtu huyo asitembee tena. Kama misuli inauma sana na kulegea, na mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, misuli inaweza kuwa imeharibika kiasi cha kuziba figo. Hiyo ni habari ya hospitali siku ile ile, si ya kesho baada ya Misa.

Wenye kisukari na wanaotumia dawa za kila siku

Kisukari kikikaa mwilini kwa muda mrefu huua hisia za miguu. Mtu hukanyaga mwiba, msumari au kijiwe asijue. Damu nayo haifiki vema vidoleni, kwa hiyo kidonda kidogo hakiponi, na kikioza kinaweza kuishia katika kukatwa mguu. Kwa sababu hiyo tunawasihi ndugu zetu wenye kisukari wasihiji peku, hata kama wengine wanafanya hivyo kwa kitubio. Kila unapovaa kiatu, kikung'ute kwanza na kuingiza mkono ndani. Kila jioni tazama unyayo wako kwa kioo kidogo, au mwombe mwenzako akutazamie. Usijitoboe lengelenge mwenyewe. Usiote miguu motoni wala kuichovya katika maji moto. Unaweza kuungua usihisi.

Zaidi ya hayo, kutembea kwa muda mrefu huteremsha sukari. Mwenye kutumia dawa za kisukari akiruka chakula kwa sababu ya haraka, anaweza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, kuongea ovyo na kuanguka. Awe na pipi au sukari mfukoni, na wenzake wajue ilipo. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe upesi. Akiwa amezimia, asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Na kabla ya safari amwone daktari, kwani huenda kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa.

Wanaotumia dawa za shinikizo la damu, za kifafa au za kupunguza makali ya VVU wasiziache hata siku moja. Wapo wanaosema, "Niko katika sala, Mungu atanilinda." Mungu amekulinda kwa kukupa dawa hizo. Beba za siku zote za safari na za juma moja zaidi, maana kurudi nako huchelewa. Kama hutaki watu wazijue, mwambie hata mmoja unayemwamini.

Maji na jua

Tulipotembea kati ya Masaka na Lukaya tuliwaona vijana watatu wakiketi ghafla kando ya barabara, nyuso zimepauka, jasho linawatiririka, vichwa vinauma. Hiyo ni dalili ya mwili kuzidiwa na joto. Mtu wa namna hiyo apelekwe kivulini, alegezwe nguo, alazwe miguu ikiwa juu kidogo, apepewe na kumwagiwa maji, na anywe taratibu. Kwa kawaida hupata nafuu. Lakini akianza kuchanganyikiwa, mwili ukiwa moto kama jiko, au akizimia, maisha yake yamo hatarini. Mmwagieni maji mwili mzima papo hapo, mkimtafutia gari.

Usingoje kiu ikuzidi, wala usijaze tumbo maji matupu lita kwa lita kwa siku nzima. Jasho hutoa maji pamoja na chumvi. Mtu akirudisha maji peke yake kwa wingi mno, chumvi ya damu hupungua, naye anaweza kupata kichefuchefu, kuumwa kichwa na hata degedege. Kunywa unapoona kiu, kidogo kidogo, na kula chakula chenye chumvi. Mkojo wa rangi ya manjano hafifu ni ishara njema.

Kwa mwenye kuharisha au kutapika, pakiti za ORS ni bora. Zikikosekana, tengeneza hivi: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Usizidishe chumvi.

Na chakula cha barabarani? Lukaya kunasifika kwa nyama choma na ndizi choma, nasi hatukuona sababu ya kuwanyima watu. Lakini kula kinachotoka motoni mbele ya macho yako. Nyama iliyolala juu ya sinia tangu asubuhi iache, hata ikiwa ya bei nafuu. Mhujaji mwenye kuharisha zikiwa zimebaki kilometa 30 anajutia akiba ya shilingi chache.

Nadhiri ya mzee

Turudi Mpigi. Mzee wetu hakukataa gari kwa ukaidi. Alitueleza kwa sauti ndogo kwamba miaka miwili nyuma mjukuu wake alikuwa mahututi, naye akaweka nadhiri: mtoto akipona, atakwenda kwa miguu mpaka Namugongo. Mtoto akapona. "Mungu alitimiza yake," alisema. "Mimi nitatimizaje yangu nikiwa juu ya gari?"

Hapo sisi wa kikundi cha afya tulikwama. Tungeweza kumweleza habari za usaha na damu usiku kucha, lakini swali lake halikuwa la dawa. Tulimwita paroko wetu, aliyekuwa akisafiri pamoja nasi.

Padre aliketi kwenye mkeka karibu yake. Hakumgombeza. Alimwambia, "Mzee wangu, nadhiri ni jambo zito, na umefanya vema kuiheshimu. Lakini Kanisa ni mama, halikukuacha bila msaada." Kisha akamweleza kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1196, inampa paroko uwezo wa kumwondolea muumini wake nadhiri ya binafsi kukiwa na sababu ya haki. Na kanuni inayofuata, ya 1197, inamruhusu aliyeweka nadhiri hiyo kuibadilisha kwa jema lililo sawa au lililo bora zaidi. "Sababu ya haki ninaiona hapa kwenye beseni," Padre alisema. "Kilometa ulizotembea Mungu amezihesabu. Zilizobaki nakuondolea. Badala yake, utanisaidia jambo jingine nitakalokuambia ukipona."

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na Misa?" Padre akamjibu kwamba mgonjwa hana dhambi kwa kuikosa. Mzee akafuta macho kwa kilemba cha shingoni, akanyoosha mguu ili tuufunge.

Tunaandika habari hii kwa sababu tunaamini kuna wengine wengi waliofungwa na nadhiri za namna hiyo, nao hawajui kwamba wanaweza kumwendea paroko. Tusisahau pia mwaka 2020, hija ya Namugongo iliposimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Maelfu waliokuwa wamejiandaa walisali nyumbani mwao. Hakuna aliyesema imani yao imepungua. Hali kadhalika, pakitangazwa mlipuko wa ugonjwa kama Ebola au Marburg, ambao umewahi kuzifikia sehemu hizi zetu, maagizo ya wahudumu wa afya mpakani yafuatwe bila manung'uniko.

Mkifika Namugongo

Sisi tuliobaki tuliwasili siku moja kabla ya sikukuu. Ukiliona kanisa lile lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya asili ya Waganda, likiwa na nguzo 22 kwa heshima ya mashahidi 22 Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, machozi hutoka yenyewe. Wengi hupiga magoti. Nasi tulipiga magoti. Lakini hapo pia mwili una mambo yake.

Mtu aliyetembea kwa saa nyingi akisimama ghafla, damu hubaki miguuni, kichwa hukosa damu, akaanguka. Kwa hiyo ukifika usisimame wima mara moja kama mlingoti. Tembea polepole dakika chache, kisha keti au lala miguu ikiwa juu ya kifurushi. Wakati wa Misa, ambayo huchukua saa nyingi juani, keti unapoweza, chezesha vidole na visigino, vaa kofia au kitambaa, na unywe maji. Kuketi wakati wa Misa kwa sababu ya ugonjwa si utovu wa heshima.

Umati ni mkubwa mno. Mwandikie mtoto jina lake na namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi, uitie mfukoni mwake. Kubalianeni mahali pa kukutana iwapo mtapotezana. Msisukumane mkielekea ziwani kuteka maji. Mtu mmoja akianguka mbele, aliye nyuma hajui.

Na kuhusu maji hayo tuseme kwa upole. Mahujaji wengi huyachota kwa imani na kuyapeleka nyumbani kwenye dumu au chupa, kwa ajili ya wagonjwa na watoto. Hatuna nia ya kuidharau imani hiyo. Lakini yale ni maji ya ziwa, yameguswa na maelfu ya mikono na vyombo. Yanaweza kubeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengine. Ukitaka kunyunyiza, nyunyiza. Ukitaka kunywa au kumnywesha mgonjwa, yachemshe kwanza mpaka yatokote kabisa kwa dakika nzima, yapoe, uyaweke katika chombo safi chenye mfuniko. Msihofu, baraka ya Mungu haitoki pamoja na mvuke.

Kurudi nyumbani

Familia nyingi hudhani hatari imekwisha mara hija inapokwisha. Bado kidogo.

Safari ya kurudi huwa ya basi, saa nyingi, magoti yamekunjwa. Miguu iliyovimba kidogo pande zote mbili kwa kawaida hupungua kwa siku chache ukiinyanyua. Lakini mguu mmoja ukivimba peke yake, nyama ya nyuma ikauma na kuwa na joto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Damu hiyo ikisafiri hadi mapafuni, mtu hushindwa kupumua ghafla. Usiukande mguu huo, nenda hospitali. Ili kuzuia, shuka kila basi linaposimama, tembea kidogo, na unywe maji.

Aliyelala njiani bila chandarua anaweza kuwa amebeba malaria. Homa yake haiji siku ile ile ya kuumwa na mbu. Huchukua kama juma moja au zaidi. Mhujaji akipata homa katika majuma yanayofuata, msiseme ni uchovu wa safari. Akapimwe, na amweleze mhudumu wa afya alikotoka.

Akina mama na akina baba mliobaki nyumbani, mpokeeni mhujaji wenu kwa nyimbo, lakini mpeni pia maji ya kuoga, chakula cha moto na usingizi. Siku mbili za kwanza asipelekwe shambani. Tazameni miguu yake. Majirani wanaokuja kusikia habari wanaweza kungoja hadi kesho.

Katika Maandiko Matakatifu tunasoma juu ya nabii Eliya, aliyechoka jangwani hata akatamani kufa. Malaika hakumhubiria kwanza. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa tena. Ndipo Eliya akapata nguvu ya kutembea siku arobaini mpaka mlima wa Mungu. Usingizi, chakula na maji ndiyo yaliyotangulia.

Mambo ya kukumbuka siku tatu za mwisho

1. Msiongeze mwendo. Pumzikeni kama mlivyopumzika siku ya kwanza.
2. Kila jioni mguu wa kila mtu uonwe na mtu mwingine.
3. Dawa za kila siku zisikatizwe, na chakula kisirukwe.
4. Kila kikundi kijue mapema ni gari gani litakalombeba mgonjwa, na nani ana fedha za dharura.
5. Anayesema "mimi sijambo" huku anachechemea, asiaminiwe.
6. Anayepanda gari kwa ugonjwa asichekwe. Naye ni mhujaji.

Mtakatifu Karoli Lwanga aliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa kuchomwa polepole, na mapokeo yanasimulia kwamba moto ulianzia miguuni. Yeye hakujitafutia mateso yale. Aliyapokea kwa sababu hakutaka kumkana Kristu. Kidonda tunachokificha ndani ya kiatu kwa aibu hakina ushahidi wowote ndani yake.

Mzee wetu alikaa hospitalini siku 11. Daktari aliondoa nyama iliyooza, akatuambia kwamba siku mbili zaidi za kutembea huenda zingemgharimu mguu. Misa ya sikukuu aliisikiliza kwa redio akiwa kitandani. Alirudi nyumbani kwa magongo, na kidonda kilichukua miezi mingi kufunga, lakini mguu anao mpaka leo.

Lile jambo jingine aliloahidiwa na Padre lilikuja baadaye. Siku mahujaji wa parokia wanapokutana kujiandaa, mzee huketi mlangoni akiwa na beseni, sabuni na kioo kidogo. Kila mwenye kisukari hupita kwake kwanza, huvua viatu, na mzee hutazama.

Tuwatakie mahujaji wote safari njema, na kurudi kwema. Mashahidi watakatifu wa Uganda, mtuombee.